Bia ya nyumbani imekosa gesi chupani: tafuta sababu kabla ya kuongeza sukari

Umefungua chupa ya kwanza na kizibo kimetoka kimyakimya. Rangi ya bia ni nzuri, harufu ya kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) ipo, lakini ulimini imetulia tuli. Aliyehangaika wiki kadhaa na sufuria, ndoo na chupa hushikwa na haraka hapo: afungue kreti zima, atie kijiko cha sukari kila chupa, afunge upya. Tafadhali usifanye hivyo. Kama sukari uliyotia siku ya kujaza bado imo, na hamira imezubaa kwa baridi tu, utakuwa umeweka dozi mbili ndani ya chupa moja. Joto likirudi hamira itazila zote, na chupa itapasuka. Vipande vya chupa iliyopasuka kwa presha vinaweza kumtoa mtu jicho.

Bia nyingi zisizo na gesi zinatibika, na mara nyingi hata bila kufungua vizibo. Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni kimoja: sukari ya chupani imeshaliwa, au bado imo? Ukishajibu hilo, dawa inajulikana. Kabla ya jibu hilo, kila unachoongeza ni kubahatisha.

Gesi inavyoingia ndani ya bia

Hamira ikila gramu 1 ya sukari, hutoa takriban nusu gramu ya kaboni dioksaidi; sehemu kubwa ya nusu nyingine huwa pombe. Kwenye ndoo gesi hiyo hutoka na kupotea. Ndani ya chupa iliyofungwa haina pa kwenda, hivyo hujaa kwanza shingoni kisha huingia polepole ndani ya bia. Mbege na busaa hazina tatizo hili kwa sababu hunywewa zikiwa bado zinachacha. Gesi yake inatengenezwa saa ileile unapokunywa. Bia ya chupa ilishamaliza kuchacha, ikaongezewa sukari kidogo ili hamira iliyobaki ifanye kazi ya mwisho.

Kwa hiyo chupa inahitaji sukari ya kutosha, hamira hai, joto, muda, na kizibo kisichovuja. Bia iliyokosa gesi imekosa kimojawapo, na tutavikagua kwa kuanzia na vile visivyohitaji kufungua chupa.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli haina gesi

Weka chupa moja kwenye friji kwa saa 24, au 48 ukiweza. Kimiminika cha baridi hushika gesi nyingi zaidi kuliko cha moto, na gesi iliyo shingoni huhitaji muda kushuka ndani ya bia. Chupa ikifunguliwa siku ya tano au ya sita inaweza kupiga "pssh" kali na bado bia ikawa bapa, kwa sababu gesi yote iko juu. Usiamini mlio wa kizibo.

Angalia na glasi. Mafuta ya mdomoni, mabaki ya sabuni au kitambaa chenye grisi huua povu papo hapo. Povu na gesi ni mambo mawili: bia inaweza kuwa na gesi kamili ikakosa povu. Suuza glasi kwa maji safi, mimina, kisha sikiliza ulimi. Ukisikia mchomo mdogomdogo na ukaona viputo vikipanda kutoka chini, gesi ipo na shida yako ni povu, ambayo ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Hesabu siku, kisha pima joto

Sababu ya kawaida kuliko zote ni baridi na haraka. Bia ya asilimia 4 hadi 6 ya pombe, ikiwekwa kwenye nyuzi 20 hadi 25, huhitaji wiki mbili hadi tatu. Kwenye nyuzi 15 au 16 inaweza kuchukua mwezi na zaidi. Ikishuka chini ya 12, hamira nyingi za ale (bia zinazochachishwa kwenye joto la chumba) husinzia kabisa. Bia nzito, ya asilimia 8 kwenda juu, huchukua wiki sita hadi miezi mitatu hata joto likiwa sawa, maana hamira imechoshwa na pombe iliyoitengeneza yenyewe.

Dar es Salaam na Mombasa joto la chumba linatosha. Wiki moja na siku chache mara nyingi inamaliza kazi. Hali ni tofauti Nairobi, Limuru, Njombe au Mbeya miezi ya Juni hadi Agosti, kreti zikiwa juu ya sakafu ya saruji. Mchana unaona jua ukadhani kuna joto, kumbe ile sakafu haijawahi kufika nyuzi 18. Vivyo hivyo kwa walio Ulaya au Kanada na bia zao chini ya nyumba wakati wa kipupwe. Weka kipimajoto katikati ya chupa zenyewe, si ukutani, ukisome asubuhi na mapema.

Tiba ni kuhamisha. Toa kreti sakafuni, zipeleke chumba chenye joto au juu ya kabati la jikoni. Kufunika blanketi peke yake hakusaidii sana, kwa sababu blanketi hutunza joto lililopo na chupa hazitoi joto la maana. Ziweke ndani ya boksi pamoja na chupa moja au mbili za maji ya moto, ubadilishe maji asubuhi na jioni, hapo blanketi lina kazi. Usizianike juani: mwanga hugusa vitu vya hopsi na kuleta harufu mbaya, na chupa ya kijani au nyeupe haikingi kama ya kahawia. Usiziweke jirani na jiko pia, joto la upande mmoja si salama kwa kioo chenye presha.

Wakati huohuo amsha hamira iliyotuama. Pindua kila chupa taratibu, kichwa chini, mpaka uone yale mashapo meupe yakiachia kitako na kuichafua bia. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu. Chupa zikae zimefunikwa ndani ya boksi au beseni kubwa la plastiki muda wote huu, na watoto wasizisogelee.

Subiri siku 10 hadi 14, kisha rudia kipimo cha friji. Wasomaji wengi wa mwongozo huu watakuwa wamemaliza hapa.

Hatua ya 3: Onja na pima

Bado hakuna gesi? Sasa fungua chupa tatu: moja kati ya zilizojazwa mwanzo, moja ya katikati, moja ya mwisho. Kama hukuziandika namba, chukua kutoka pande tofauti za kreti.

Ulimi unaweza kutambua utamu ambao haukuwepo siku ya kujaza, lakini haidromita, kile kifaa kinachoelea ndani ya bia kuonyesha uzito wake, ni shahidi bora. Mimina bia kwenye jagi, ikoroge mpaka itoe gesi yoyote iliyomo, iache ifike nyuzi 20 (au nyuzi zilizoandikwa kwenye haidromita yako), kisha pima. Linganisha na kipimo ulichoandika kabla ya kutia sukari ya chupa. Sukari ya gramu 7 kwa lita hupandisha kipimo karibu pointi 3. Mathalani kutoka 1.010 hadi 1.013. Ukisoma 1.013, sukari haijaliwa. Ukisoma 1.010, imeliwa yote. Pombe kidogo inayoongezeka inaweza kushusha kipimo kwa sehemu ya pointi, usijali.

Yanaweza kutokea haya: chupa zote tatu bado tamu, zote tatu kavu (sukari imekwisha), au kila moja na hali yake.

Zote ni tamu: shida ni hamira

Sukari ipo, mla sukari hayupo. Hutokea kwa bia nzito, kwa bia iliyokaa kwenye baridi miezi mpaka hamira karibu yote ikashuka, au iliyotiwa dawa nyingi ya kuing'arisha. Hapa unaongeza hamira tu. Sukari usiiguse.

Tafuta hamira iliyotengenezwa kwa kazi ya chupani, kama CBC-1 ya Lallemand au SafAle F-2 ya Fermentis. Faida yake kubwa ni kwamba haziwezi kula, au hula kidogo sana, zile sukari ngumu za kimea ambazo hamira ya kwanza iliziacha, hivyo haziongezi presha usiyoihesabu. Hamira ya mkate siishauri: hutuama vibaya, na inaweza kula kile ambacho hukutaka kiliwe.

Kwa lita 20, yaani chupa 40 za mililita 500:

1. Chemsha maji, yaache yapoe hadi nyuzi 30 au 35, pima mililita 50 kwenye kikombe kilichosafishwa kwa dawa.
2. Nyunyizia gramu 1 hadi 2 za hamira juu yake, acha dakika 15, kisha koroga.
3. Poza chupa kwenye friji usiku mzima ili zisifure ukifungua.
4. Kwa sirinji mpya ya duka la dawa, tia mililita 1 kila chupa. Koroga kikombe kila baada ya chupa chache, hamira hushuka haraka.
5. Funga mara moja kwa vizibo vipya, geuza mara moja, rudisha kwenye joto.

Usimwage bia yote kwenye ndoo ili "uanze upya". Hewa itakayoingia itaipa ladha ya boksi lililolowa ndani ya wiki chache, na ladha hiyo haiondoki.

Zote ni kavu: vizibo kwanza, hesabu baadaye

Sukari imeliwa, kwa hiyo gesi ilitengenezwa. Ama imevuja, ama ilikuwa chache tangu mwanzo.

Jaribu kuzungusha kizibo kwa vidole. Kikizunguka, hakijabana. Kisha laza chupa ambayo haijafunguliwa ndani ya beseni la maji vuguvugu, shingo ikiwa ndani ya maji, uangalie kwa dakika chache. Kiputo kinachojirudia pembeni mwa kizibo ni gesi inayotoka. Kizibo cha aina hii, kilichopewa hataza kwa William Painter wa Baltimore mwaka 1892, hutegemea pindo la meno 21 kubana ukingo wa chupa huku utando wa ndani ukiziba. Meno yakisimama upande mmoja, ujue mashine yako ya kufungia ilikuwa imelala upande au haikushuka mpaka mwisho.

Vizibo vilivyotumika mara moja havifai tena, hata vikionekana vizima. Chupa za kawaida za bia za Afrika Mashariki huchukua kizibo cha milimita 26. Baadhi ya chupa za Ubelgiji, na zile za shampeni, huchukua 29, na cha 26 hakitazibana. Chupa za kizibo cha kuzungusha, zenye hesi mdomoni, si za kutegemea kwa mashine ya mkono. Pitisha kidole kwenye mdomo wa kila chupa: penye pengo dogo tu, hiyo iache. Kama unatumia chupa za kizibo cha waya, kunja mpira wake. Ukionyesha nyufa, nunua mwingine.

Vizibo vikiwa salama, rudi kwenye daftari na ufanye hesabu hii upya.

Bia iliyomaliza kuchacha tayari ina gesi kidogo ndani yake. Kwenye nyuzi 15 ni kama gramu 2 kwa lita. Kwenye 20 ni 1.7, kwenye 25 ni 1.5. Lager na ale nyingi za Marekani hupendeza kwenye gramu 5 hivi kwa lita. Ale za Kiingereza hutosheka na 3 hadi 4. Bia za ngano za Kijerumani hufika 6.5 na zaidi, na hizo zinataka chupa nene. Kwenye chupa za kawaida zilizozunguka baa na baa miaka mingi mimi nisingevuka 5.5.

Toa kilichopo kwenye unachotaka, zidisha mara mbili, umepata gramu za sukari ya mezani kwa lita. Unataka 5, bia ilichacha kwenye nyuzi 25: 5 toa 1.5 ni 3.5, mara mbili ni gramu 7. Kwa lita 20, gramu 140. Ukitumia glukosi ya unga ongeza asilimia 10 hadi 15. Asali ina maji, hivyo ongeza robo.

Hapa ndipo makosa mengi yanapojificha. La kwanza ni joto lipi linaingizwa kwenye hesabu. Ni joto la juu kabisa ambalo bia ilifika wakati au baada ya kuchacha, si la siku ya kujaza. Mtu anachachisha kwenye nyuzi 20, anapoza bia hadi nyuzi 2 kwa siku mbili ili iwe safi, kisha anaiambia programu ya kukokotoa sukari "nyuzi 2". Programu inaamini bia imeshika gramu 3.1 za gesi, kumbe ni 1.7 tu, kwa sababu nyingine ilishatoka na kupoza hakuirudishi. Inamshauri sukari pungufu kwa karibu gramu 3 kila lita, na bia inaishia gramu 3.6. Si bapa kabisa, ila imelegea.

La pili linawahusu wa nyanda za juu, na programu nyingi hazilitaji. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Gesi inayobaki ndani ya bia kwenye ndoo hupungua kwa kiasi hichohicho: ile 1.7 inakuwa kama 1.4. Ongeza basi gramu 0.6 za sukari kwa kila lita kuliko anavyotia mwenzako wa Tanga.

La tatu ni kijiko. Kijiko cha chai kilichojaa na kilichofutwa juu vinaweza kutofautiana karibu mara mbili. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inamaliza ubishi huu.

Kuongeza sukari ikiwa imethibitika ni pungufu

Sukari kavu haifai. Chembe zake huichochea gesi yote itoke kwa pamoja, na nusu ya bia itaishia mezani. Tengeneza shira: weka gramu 100 za sukari kwenye sufuria na maji kidogo, chemsha dakika tano, poza, ongeza maji yaliyochemshwa mpaka jumla ifike mililita 200. Kila mililita sasa ina nusu gramu ya sukari.

Chupa za mililita 500 zilizovuja zikaisha gesi yote huhitaji dozi kamili, kwa mfano wetu wa gramu 7 kwa lita: gramu 3.5, yaani mililita 7 za shira. Zile za kosa la joto nililoeleza, zilizoishia gramu 3.6, zinahitaji nyongeza tu: gramu 1.4, yaani mililita 3. Poza chupa usiku mzima, fungua moja, tia shira taratibu ukutani mwa shingo, funga kwa kizibo kipya, ndipo ufungue inayofuata. Bia iliyokaa miezi mitano au sita itie pia ile mililita 1 ya hamira. Hapa ni salama kuongeza vyote viwili, maana umeshapima na unajua sukari ya kwanza imekwisha.

Kila chupa na hali yake

Moja inafura, ya pili imelala. Karibu kila mara sukari haikuchanganyika: shira nzito ilikaa chini ya ndoo na chupa za mwanzo na za mwisho hazikupata sawa. Kundi kama hili halina tiba ya pamoja, kwa sababu huwezi kujua ipi ina nini mpaka uifungue. Liingize lote kwenye baridi na ulinywe mapema. Inayofura sana huku ikinuka uchachu imeingiliwa na vijidudu. Hiyo mwaga, na chemsha au badilisha mipira yako ya kupitishia bia.

Mkupuo ujao, chemsha sukari kwenye mililita 300 za maji, imimine ndani ya ndoo tupu, kisha shusha bia juu yake kwa mpira wa kupitishia bia unaogusa chini, uukunje kwa ndani ili bia izunguke. Koroga polepole kwa kijiko kilichosafishwa, bila kutengeneza povu, na ukoroge tena ukishajaza nusu ya chupa zote. Pima ni lita ngapi zilizoingia humo kweli. Zinazobaki na mashapo usizihesabu.

Na jaza chupa moja ya soda ya plastiki kutoka ndoo hiyohiyo. Ibinye mpaka bia ifike karibu na mdomo, ifunge, iweke pamoja na zingine. Gesi ikitengenezwa itanyooka yenyewe, kisha itakuwa ngumu. Ikiwa ngumu kama soda ya dukani, peleka chupa ya kioo kwenye friji, subiri siku mbili, ufungue. Ikiwa bado inabonyea wiki ya tatu, rudi hatua ya 2 na kipimajoto mkononi.